Mmoja Tu Mlangoni kwa Mama Tausi

Sogeeni. Anayetafuna karanga amalize kwanza, hii si hadithi ya kutafunia.

Huko milimani Usambara alikuwako Mzee Shebughe, dereva wa lori la kabichi. Uzeeni macho yake yalikuwa mazima: ndege wa mbali alimwona, namba ya gari aliisoma. Lakini kilichochomoza pembeni alichelewa kukigundua, na vikitokea viwili kwa pamoja, kimoja kilimpotea. Mwenyewe hakujua. Nani ajue asichokiona?

Waliojua ni watatu.

Mkewe, Bi Nakiete, alijaliwa wepesi wa kuona. Alipanda naye kila safari akisingizia kwenda sokoni, kumbe kazi yake ni kumgusa goti: la kushoto, kuna mtu kushoto; la kulia, kuna ng'ombe kulia. "Huyu hawezi kukaa mbali nami!" mzee alijisifu, watu wakacheka. Bi Nakiete naye alicheka, roho mkononi.

Fundi Singano alijaliwa mikono. Lori lilimjia limebonyea ubavu wa kushoto, likatengenezwa, likarudi tena, kushoto vilevile. Alinyoosha bati, akapaka rangi, akanyamaza. Walikuwa marafiki tangu jandoni. Amwambieje kwamba amekwisha?

Yusto, mwana wa mzee, alijaliwa adabu. Siku moja ndani ya lori alimshuhudia baba yake akimpita mwendesha baiskeli nusura amfagie, wala asishtuke. Walipofika nyumbani, Yusto akamfuata uani.

"Baba..."

"Sema, mwanangu."

"Hapana, baba. Pole na safari."

Basi, Bi Nakiete akashikwa na homa, mzee akaenda peke yake. Kwenye kona ya soko, mbele lilitokea basi. Kushoto akatokea Tausi, mtoto wa darasa la pili, na beseni la mapeasi kichwani. Mzee aliliona basi, akalikwepa vizuri kabisa. Lakini Tausi, mzee hakumwona, akamgonga. Jamani, mtoto yule alifia palepale.

Mzee alimrudishia tajiri wake funguo, akalia mpaka sauti ikamkauka. Msibani siri ya wale watatu ikatoka. Alipokwenda kuomba radhi, Mama Tausi alimzuia mlangoni.

"Rudi, mzee wangu. Wewe hukumwona mwanangu. Nawataka waliokuona wewe wakanyamaza. Tena aje mmoja tu, mwenye kosa kubwa. Wakija wote watagawana, kila mtu atabeba kidogo. Mimi msiba huu wangu sikugawana na mtu."

Wale watatu wamesimama njiani.

"Mimi ndiye niliyemfichia kasoro yake kila siku," anasema Bi Nakiete. "Niende mimi."

"Shemeji, mimi ndiye niliyefuta kila alama," anasema Singano.

Yusto anafuta machozi. "Mimi nilimwonea haya baba, sikumwonea huruma mtoto wa mwenzangu."

Mama Tausi bado amekaa mlangoni, anatazama njia. Haya, nyie mlionyamaza hapo: ungekuwa wewe, ungemtuma nani?