Shule ya Kuteleza ya Mwalimu Pimbi

— Nakuja na ngano!
— Njoo nayo!
— Ngano yangu ni ya kweli!
— Kweli kama nani?
— Kweli kama mimi!
— Basi ni uongo mtupu!

Haya, bisha. Nimekuachia nafasi, bisha sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kusikia mtu anaguna kwa dharau kule nyuma. Mimi na shule tuliachana darasa la tano, kwa amani, kila mmoja akashika njia yake, lakini hili nalijua kuliko walimu wako wote uwapange mstari. Juu ya mlima kuna ziwa dogo. Juu kabisa, kule ambako ukitema mate yanafika chini yakiwa kokoto. Asubuhi ziwa lile ni gumu kama sakafu ya saruji. Jua likipanda utosini, ni maji tu, kama ya kwenye sufuria yako. Na juu ya ziwa hilo palikuwa na shule. Bisha!

Hubishi? Vizuri. Twende.

Mwalimu wa shule hiyo alikuwa Pimbi. Pimbi unamjua: mkia hana, masikio nusu, uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Mdogo, lakini maneno! Alifundisha watoto wadogo kuteleza kwenye barafu, na alijiona hakuna mwalimu kama yeye kuanzia kileleni hadi kule chini kwenye migomba.

Viatu vya kutelezea alivitengeneza mwenyewe. Aliokota mifupa ya nyati waliokufa zamani mabondeni, akaisugua kwenye jiwe, kwaru kwaru kwaru, mpaka ikawa laini kama sahani, halafu akaifunga chini ya miguu ya watoto kwa kamba za magome. Mguu mmoja, mfupa mmoja. Mtoto ana miguu minne, mifupa minne. Hesabu imeisha, ndiyo maana niliacha shule, nilikuwa nimeshamaliza.

Wanafunzi walikuwa watatu. Mbio, mtoto wa Paa, miguu mirefu na kila mguu una safari yake. Sijui, mtoto wa Nungunungu, ambaye ukimuuliza chochote anakujibu kwa jina lake. Na Kitumbua, binti wa Panya, mdogo kuliko wote, shavu huku, shavu huku, mviringo.

"Makalio nyuma!" Pimbi anapaza sauti akiwa juu ya jiwe, ukingoni mwa ziwa.

"Nyumaaa!"

"Magoti kunja!"

"Tumekunjaaa!"

"Macho mbele! Haya, teleza!"

Mbio anateleza, siiiii, anakwenda, anakwenda, puu! Sijui anateleza, siiiii, puu! juu ya Mbio.

"Mwalimu, kanichoma na miiba!"

"Sijui, umemchoma mwenzako?"

"Sijui."

Kitumbua yeye hatelezi. Kitumbua anasimama, puu! Anaamka, puu! Anafikiria kusimama, puu!

Na usidhani kazi ni hiyo tu. Pimbi akishafunga kamba kumi na mbili, vidole vimekufa ganzi, ndipo unasikia: "Mwalimu, nataka kukojoa."

"Si nilikuuliza kabla sijakufunga?"

"Wakati ule mkojo ulikuwa haujaja."

Anafungua kamba nne. Mtoto anakojoa. Anafunga kamba nne. Wa pili naye: "Mwalimu..." Huku wa tatu ameng'ata barafu na ulimi umeganda, analia "Aaaalimu! Aaaalimu!" Kuna siku Pimbi aliingia kwenye pango lake akafunika kichwa kwa majani na kuapa hafundishi tena. Kesho yake Mbio akavuka ziwa zima, ng'ambo hadi ng'ambo, bila kuanguka, siiiiiiii! Pimbi akaruka kutoka kwenye jiwe, akashangilia mpaka sauti ikakauka. Ualimu ndivyo ulivyo. Leo unataka kumtupa mtoto bondeni, kesho unamwita dhahabu.

Lakini Kitumbua? Hatua tatu, puu. Hakuwahi kufika ya nne.

Asubuhi moja, wako katikati ya somo, wakasikia: "Hodi shuleni!"

Fisi huyo.

Sasa nikueleze pale palivyo. Ziwa limezungukwa na majabali yaliyosimama wima, na mwanya wa kutokea ni mmoja tu. Fisi alikuwa amekaa katika mwanya huo, ameujaza wote, tumbo huku, tumbo huku.

Watoto wamelelewa vizuri, wakasimama. "Shikamoo, mjomba Fisi!"

"Marahaba. Marahaba. Marahaba na wewe mviringo, unaitwa nani?"

"Kitumbua."

Mate yakamdondoka Fisi, tii, tii. "Jamani! Jina lenyewe limeshakaangwa!"

Pimbi akakohoa kidogo. "Mzee Fisi, karibu. Umeleta mtoto kuandikishwa?"

"Nimekuja kuchukua. Usitetemeke, mwalimu, mimi si mlafi. Sitaki wote. Nataka yule atakayeanguka. Mtoto wa kuangukaanguka wa nini?"

"Lakini mzee, hapa kila mtoto anaanguka! Hajifunzi bila kuanguka."

"Ndiyo maana nimeipenda shule yako."

Fisi akaweka mguu mmoja kwenye barafu aje mwenyewe. Mguu ukaenda mashariki. Akaweka wa pili, ukaenda magharibi. Kidevu kikagonga chini, ko! Akarudi kwenye mwanya wake kinyumenyume, akijipangusa kama mtu aliyekusudia.

"Basi nitangoja hapa hapa," akasema. "Jua linapanda. Barafu itayeyuka. Kuogelea hamjui. Mtakuja wenyewe, mkiwa mmeshaoshwa."

Na kweli, kwa mbali, chini ya miguu ya watoto, barafu ikalia: kaaaa!

Watoto wakaganda. Hakuna aliyethubutu kuinua mguu. Kitumbua akaanza kuyumba, Mbio akamshika upande huu, Sijui akamshika upande huu.

Pimbi akatazama jua. Akatazama mwanya. Akatazama Kitumbua. Fisi akibaki pale, watoto wanazama. Fisi akitoka pale, watoto wanapita. Basi Fisi atoke! Atoke vipi? Aje kwenye barafu. Akija ataanguka kama gunia, na wakati anajikusanya watoto watakuwa wameshuka mlima. Pimbi akavuta pumzi, akaanza maneno.

"Mzee wangu, unanisikitisha. Mtu mzima kukaa mlangoni kama mbwa! Hata huyu Kitumbua akianguka sasa hivi katikati, utamfikiaje? Watoto wadogo wanateleza, wewe unaona haya?"

"Haya ya nini?"

"Sijasema kitu. Ila watasema huko chini: Fisi anaogopa barafu."

"Nani anaogopa? Nifunge hivyo viatu!"

"Ni vya watoto..."

"Nifunge!"

Pimbi akatoa mifupa minne mikubwa kuliko yote, ya nyati dume, baridi kama mawe ya mtoni. Akamfunga Fisi mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kamba ya mwisho imekaza, Fisi akasema: "Mwalimu, nataka kukojoa."

"Hata wewe, mzee!"

Akamfungua. Akamfunga tena. Barafu ikalia, kaaaa! Jua halingoji mtu kukojoa.

Fisi akasimama kwenye barafu. Puu! Pimbi, amesharudi juu ya jiwe lake, akafurahi rohoni. Fisi akaamka. Puu! Pimbi akakunja midomo asicheke, akawapungia watoto mkono: sogeeni, sogeeni mwanyani, polepole.

Mambo yangeishia hapo, na mimi ningekuwa nyumbani nakula. Lakini mwalimu ni mwalimu. Kuna ugonjwa walimu wanao, hawawezi kumwona mtu anakosea wakanyamaza. Fisi alipoamka mara ya tatu, Pimbi alimwona amenyoosha magoti, na mdomo ukamponyoka:

"Magoti kunja, mzee! Macho mbele!"

Fisi akakunja magoti. Fisi akatazama mbele. Na makalio? Umemtazama fisi vizuri wewe? Fisi makalio yake yako chini na nyuma tangu siku aliyozaliwa! Kaumbwa kuteleza, hakuna aliyemwambia! Siiiiiiiii! Akaenda. Akazunguka. Akainua mguu mmoja nyuma, maridadi, kama bibi harusi anavuka tope.

"Safi sana!" Pimbi akapiga makofi. "Hapo hapo! Huyo ndiye mwanafunzi!" Halafu akakumbuka ni nani anayempigia makofi. Mikono ikabaki hewani.

"Watoto, kimbieni!"

Mbio, siiiii, akapita mwanyani. Sijui, siiiii, akapita mwanyani. Kitumbua hatua ya kwanza. Kitumbua hatua ya pili. Kitumbua hatua ya tatu.

Puu!

Katikati ya ziwa.

"Wanguuu!" Fisi akapiga kona, barafu ikaruka kama unga. Akaja, siiiii! Mdomo wazi, ulimi begani. Pimbi juu ya jiwe, mbali. Kitumbua chini, makalio yake barafuni, anatazama yale meno yanavyokua makubwa.

Sasa sikiliza hapa uone akili ya Pimbi. Unafikiri ile mifupa aliichagua ovyo ovyo? Mfupa baridi haunuki. Lakini mfupa ukisuguliwa, ukakimbizwa, ukapata moto! Ule uboho wa ndani ukaanza kulainika, harufu ikapanda, harufu ya supu ya kongoro asubuhi mapema, na chumvi yake, na ndimu yake.

Fisi, hatua moja tu amfikie Kitumbua, akasimama. Pua ikacheza. Akainama. Akatazama mguu wake.

"Mh?"

Akaulamba.

"Mhhh!"

Akamtazama Kitumbua. Akatazama mguu. Akawaza: huyu kaanguka, haendi popote, tuanze na cha moto.

Kacha! Mfupa wa mbele kushoto. Kacha! Wa mbele kulia. Akajikunja, akauvuta wa nyuma mpaka mdomoni, kacha kacha! Kitumbua akaona hii ndiyo nafasi, na kwa kuwa kusimama si kazi yake, akajisukuma kwa makalio, swaa, swaa, swaa, mpaka ukingoni. Wakashikana mikono na Pimbi, wakapita mwanyani, huyooo.

Fisi akamaliza wa nne. Akalamba kamba. Akapiga mbweu. Akasema, "Sasa tuje kwenye kitumbua," akainua mguu.

Mguu ulikuwa mtupu.

Mmoja ukaenda mashariki, mmoja magharibi, mmoja kaskazini, na wa nne sijui uliamua nini, lakini tumbo lilibaki katikati, limelala kama chapati. Hawezi kwenda, hawezi kurudi. Jua likafika utosini. Barafu ikalia kaaaa, ikalia ka-ka-kaaaa.

Chubwi!

Hakufa, usimlilie. Maji yalimfika kifuani tu. Lakini baridi ile! Ilimwingia mbavuni akaanza kucheka, he-he-heee, na mpaka leo ukimsikia Fisi anacheka usidhani amefurahi. Bado hajapata joto.

Basi ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba watoto wasitoke nyumbani, wataanguka. Kwamba mtoto anayeanguka hafai kitu, mwenye kufaa ni mwalimu, aliyepanga yote kichwani tangu mwanzo. Na kwamba mkubwa akiwa anakuja kwako na kinywa wazi, wewe mtoto nyamaza kimya, usimwambie neno, hiyo ndiyo adabu.

— Ngano yangu naitua!
— Itue taratibu isivunjike!
— Ikivunjika?
— Tutakuletea vipande!

Mbona mnanitazama hivyo? Nimesema imekwisha.

Haya, haya. Kuna kipande nimekiruka. Kidogo tu.

Fisi hakusimama mwenyewe. Alikuwa ananusa Kitumbua tu, supu ile hakuisikia kabisa. Na Pimbi hakupanga chochote, mifupa ilikuwa mifupa, hakuwa na mingine. Mimi nimemsaidia kwa sababu ni jamaa yangu, tulitoroka shule siku moja. Wakati Fisi anakuja, Pimbi alikuwa juu ya jiwe lake amejifunika macho kwa viganja vyote viwili, amekaza.

Aliyemsimamisha ni Kitumbua. Amekaa pale chini, meno yako juu yake, akanusa, akasema kwa sauti ndogo: "Samahani, mjomba. Miguu yako inanukia vizuri kuliko mimi."

Na pale niliposema walishikana mikono wakapita mwanyani, sikusema nani alikuwa anamwongoza mwenzake. Kitumbua alifika kwenye jiwe, akamvuta Pimbi kidole. Pimbi, macho bado yamefungwa, machozi yanapita katikati ya vidole, akauliza:

"Kashamla?"

"Bado yuko kwenye viatu," akajibu Kitumbua. "Shuka, Mwalimu, nishike. Hapa panateleza."