Gitaa la Mlango wa Mninga

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana redio zilikuwepo na zilipigwa makofi ubavuni ndipo ziseme, aliishi Tabora mpiga gitaa aliyeitwa Luhende. Sikilizeni kwa utulivu. Mwishoni nitawauliza swali, na atakayesinzia ndiye atakayejibu wa kwanza.

Luhende alipiga gitaa la solo katika bendi kubwa ya mji ule. Nyimbo nyingi za bendi alizitunga yeye. Sokoni watu walimtambua, wakamwongezea nyanya. Asubuhi moja akinywa uji, kikombe kikamponyoka. Alipotaka kukiokota, mkono wa kulia haukwenda. Alipotaka kusema kwamba mkono hauendi, mdomo nao ukachelewa. Kilikuwa kiharusi. Baada ya muda mdomo ulirudi, mguu ukarudi nusu, mkono haukurudi.

Bendi ilikuja kumjulia hali. Walileta sukari na sabuni, wakakaa, wakasikitika. Walipoondoka waliondoka na gitaa, kwa kuwa lilikuwa chombo cha bendi. Kiongozi wao, Bwana Mlekwa, alilibeba mwenyewe, kwa heshima.

Tangu hapo Luhende akawa mtu wa kukaa. Anakaa uani asubuhi, anakaa uani jioni. Lakini mkono wake wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi, ulikuwa mzima, na haukuwa na habari kwamba kazi imekwisha. Ulibonyeza ukingo wa kiti. Ulibonyeza mpini wa jembe. Mkewe Kalunde akilala, ulimbonyeza begani, wimbo baada ya wimbo.

Siku moja Kalunde akasema, "Baba Nyamizi, bega langu linauma. Tafuta gitaa."

"Nani atanipa?"

"Basi tutengeneze."

"Gitaa la umeme halitengenezwi nyumbani."

"Lile la bendi lilitengenezwa wapi?"

Luhende akafikiri. "Kiwandani."

"Na huko kiwandani wanatengeneza watu au malaika?"

Luhende akakubali kwamba ni watu. Wakaanza.

Gitaa la umeme linataka tumbo la mti mzito, mkavu, usiopinda. Luhende akatazama huku, akatazama kule, macho yakatua kwenye mlango wa chumba chao. Ulikuwa wa mninga. Baba yake Kalunde aliuchonga kwa mikono yake, akampa bintiye alipoolewa. Kalunde naye akamtazama anavyotazama.

"Baba aliniambia nisikubali mtu aubamize mlango huu kwa hasira," akasema. "Kuhusu gitaa hakusema lolote."

Akauondoa kwenye bawaba yeye mwenyewe, na mahali pake akatundika kanga.

Luhende akashika msumeno kwa mkono wa kushoto, Kalunde akaukanyaga ubao usicheze. Luhende akapiga randa, Kalunde akakanyaga. Luhende akapiga msasa, Kalunde akakanyaga. Vumbi la mninga liliingia kwenye ugali, wakala hivyo hivyo. Gitaa likawa na tumbo, lakini halikuwa na shingo.

Shingo ilitoka kwenye mchi wa kutwangia. Kalunde aliutoa, akawa anakwenda kutwanga kwa jirani. Luhende aliuchonga mpaka ukakaa vizuri kiganjani, kisha akafumba macho, akapiga juu yake wimbo usio na sauti, na kila kidole kilipotua Kalunde akaweka alama ya mkaa. Kwenye alama wakapachika vipande vya spoku za baiskeli, ili uzi ukibonyezwa ukae hapo na kutoa sauti yake. Wakafunga nyuzi walizochambua kutoka waya wa breki. Zikalia kama mbuzi aliyefungiwa. Wakang'oa, wakaanza upya kwa mchi mwingine, safari hii wakisikiliza kila kipande kabla ya kukigonga. Gitaa likawa na tumbo na shingo, lakini halikuwa na sauti ya kufika hata mlango wa jirani.

Wakamwita Mihayo. Huyu alikuwa mdogo wake Luhende, fundi redio. Mihayo akaligonga gitaa kwa kidole.

"Kaka, huu ni mlango wenye nyuzi."

"Ndiyo maana nimekuita."

Mihayo akaeleza kwamba chini ya nyuzi panatakiwa sumaku, na sumaku izungushiwe waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko isiyohesabika. Hicho ndicho kinachosikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika. Sumaku alikuwa nazo, za spika zilizokufa. Waya ule ulikuwa mahali pamoja tu, ndani ya mota ya feni yake. Ulikuwa mwezi wa kumi, na wanaoijua Tabora wanaujua mwezi wa kumi.

Mihayo akaifungua feni. Akazungusha waya mpaka karibu na mwisho, ukakatika. Akaanza tena, ukakatika. Jasho lilimtoka, wateja walikuja wakakuta redio zao bado zimefunguliwa matumbo, wakazichukua wakazipeleka kwa fundi mwingine, na hawakurudi. Luhende alipoona hivyo akamwambia, "Mdogo wangu, ukilisemesha hili, siku nikirudi jukwaani tutapanda wote." Mihayo alisikia, akashika waya akaanza tena.

Mara ya mwisho waya haukukatika. Mihayo akaunganisha gitaa na redio kuukuu iliyokuwa na nguvu ya kutosha. Luhende akabonyeza, Kalunde akagusa uzi mmoja kwa kidole.

Ilitoka sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, kama mtu mzima anayemwita mwanawe bila kupaza. Gitaa la bendi halikuwa na sauti ile. Hakuna aliyekuwa ameisikia popote. Luhende akasema anakwenda msalani, akakaa huko muda mrefu.

Sasa gitaa lilikuwa na tumbo, shingo na sauti. Lililokosekana ni mkono wa kulia.

Walijaribu kufunga kipande cha plastiki kwenye kifundo cha mkono wa Luhende. Mkono ukaanguka nacho. Ndipo Kalunde akaketi nyuma yake, akapitisha mkono wake wa kulia chini ya kwapa la mumewe, mpaka kwenye nyuzi. Luhende akabonyeza, Kalunde akapiga.

"Mama Nyamizi, unakuna. Hupigi."

"Mkono ni wangu, wimbo ni wako. Sema unatakaje."

Akasema anavyotaka. Pale aliposhindwa kusema alimkanyaga mguu, taratibu kwa taratibu, haraka kwa haraka. Wiki za mwanzo majirani walifunga madirisha. Baadaye waliyafungua. Baadaye tena walileta viti.

Kila Jumanne Luhende alikwenda hospitali kufanya mazoezi ya mguu, na Kalunde alibaki na gitaa. Mwanzoni alilipangusa vumbi tu. Kisha akalipakata. Mkono wa kulia ulikuwa tayari unajua, kwa hiyo akaufundisha wa kushoto. Hakumwambia mumewe. Mihayo alikuwa akipita kukaza waya uliolegea, akamkuta, akasimama akasikiliza, akakaza waya, akaenda zake. Naye hakumwambia kaka yake.

Jumanne moja Bwana Mlekwa alikuwa anapita njia ile. Tangu Luhende augue, bendi ilikuwa imebadilisha wapiga solo, mmoja baada ya mwingine, na watu walikuwa wanaondoka dansini mapema. Akasikia gitaa nyuma ya ua. Akajua Luhende amepona. Akaingia bila kubisha hodi, akamkuta mwanamke amepakata mlango wenye nyuzi.

"Nani alikuwa anapiga?"

"Mimi," akasema Kalunde.

Nyuma ya Bwana Mlekwa alikuwa amesimama Luhende, na fimbo yake. Alikuwa amesikia tangu barabarani. Kalunde akaliweka gitaa chini.

"Pale katikati," akasema Luhende, "umeongeza kitu."

"Nimeongeza."

"Kwa nini?"

"Palikuwa patupu."

Luhende akaitikia kwa kichwa polepole. "Kweli palikuwa patupu," akasema, akaketi.

Bwana Mlekwa akaomba wampigie wote wawili, mume na mke. Wakampigia. Akamwomba Kalunde apige peke yake tena. Akapiga. Kisha akamwita Mihayo, akataka kujua sauti ile inatoka wapi, Mihayo akamwonyesha. Bwana Mlekwa akavua kofia, akaifuta, akaivaa.

"Bendi inaondoka wiki ijayo," akasema. "Shinyanga, Mwanza, Bukoba, tunazunguka ziwa lote mpaka masika. Gitaa hili nalitaka, na nafasi ya mpiga solo ipo. Ni nafasi moja. Nikichukua wawili kwa kazi ya mmoja, wapiga tarumbeta nao watakuja na wake zao. Nikienda na Luhende, nitampa kijana wa kumpigia nyuzi. Nikienda na mama, anajitosheleza. Nikienda na fundi, gitaa litakuwa zima kila usiku, na mtu wa kulipiga sitamkosa. Semeni wenyewe ni nani. Asiyekwenda, gitaa hatabaki nalo."

Luhende akasema kwanza.

"Nyimbo ni zangu. Shingo hiyo imechongwa kwa kiganja changu, alama zake zimetoka kwenye vidole vyangu. Alichojifunza mke wangu amekitoa kwenye mkono huu, akiwa amekaa nyuma yangu. Simlaumu. Lakini yeye asipokwenda bado ni Kalunde. Mimi nisipokwenda ni mtu wa kukaa."

Kalunde akasema wa pili.

"Mlango ni wangu, mchi ni wangu, wazo ni langu. Sikuomba kujifunza, niliombwa mkono nikautoa. Baba Nyamizi, maisha yangu yote nimesikiliza ukipiga, nikadhani kusikiliza kunanitosha. Jumanne hizi nimegundua hakunitoshi. Nilikuficha, na hapo nimekosa. Lakini kati yetu hapa, anayeweza kupanda jukwaani na kupiga wimbo mzima ni mimi peke yangu."

Mihayo akasema wa mwisho.

"Bwana Mlekwa hakuingia humu kwa sababu ya mninga, aliingia kwa sababu ya sauti. Sauti nimeitengeneza mimi. Feni sina, wateja sina. Waya ule ukipata joto unaachia, na anayejua unapoachia ni mimi. Bila mimi litanyamaza katika wimbo wa pili, na Bukoba hakuna wa kulifungua. Na kaka, uliniahidi tutapanda wote. Kama kupanda ni kwa mmoja, sijui ahadi hiyo imekwenda wapi."

Luhende akasema, "Nilikuahidi."

Majirani, ambao viti vyao vilikuwa bado uani, wakagawanyika. Wanaume wengi walisema Luhende, isipokuwa wale waliokuwa wamewahi kumsikia Kalunde. Wanawake wengi walisema Kalunde, isipokuwa mama mkwe wake, ambaye alikuwa na wana wawili katika shauri hilo, akasema anaumwa kichwa. Waliokuwa na redio mbovu walisema Mihayo abaki, ila hawakuwa wakijibu swali lililoulizwa.

Jioni ile hakuna aliyekula vizuri. Kalunde aliosha miguu ya mumewe kama kila siku. Mihayo alikaza waya uliolegea kama kila siku. Luhende alibonyeza ukingo wa kiti, na hakuna aliyejua ni wimbo gani.

Wiki ikaisha. Gari la bendi likaja, likapiga honi mbele ya ua. Mtu mmoja akatoka na gitaa, akapanda, na wawili wakabaki barabarani mpaka vumbi likatulia. Aliyepanda namjua, na waliobaki nawajua. Siwaambii, kwa sababu mkishajua mtasema ilikuwa lazima iwe hivyo, na haikuwa lazima.

Basi na tuseme gari linangoja, injini inanguruma, na hao watatu wamesimama wanawatazama ninyi. Mmoja ana nyimbo, mmoja ana mikono miwili, mmoja ana sauti na ahadi. Je, ni nani aliyestahili kupanda?