Aliyejibu Haraka

Sefania alikuwa na marafiki wawili aliosoma nao chuo cha ualimu. Ajira ziliwatawanya: yeye Mbeya, Leokadia Bukoba, Hamadi Tanga. Ili wasisahauliane, walijiwekea desturi ya kukutana mtandaoni kila Jumamosi alasiri, wakasikilizana kwa simu na kufumbua mafumbo ya muziki. Mmoja hupiga kipande cha wimbo wa zamani, mwanzo wake tu kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na wenzake hutafuta jina la wimbo na bendi iliyoupiga.

Walikosea sana. Leokadia akisikia gitaa husema, "Huu ulipigwa harusini kwa dada yangu, siku ile mvua ilipoangusha turubai," nao wakaiacha bendi, wakaingia harusini. Pengine alasiri nzima iliishia kwenye fumbo moja, na jibu lisipatikane. Hakuna aliyelalamika.

Lakini Sefania hakupenda kushindwa. Akapata programu ya simu inayosikiliza wimbo na kuutaja papo hapo. Wenzake wakipiga kipande, yeye huisogeza simu ya pili karibu na spika, kisha hujibu: wimbo, bendi, mwaka. Mwanzoni walimshangilia. Baadaye wakawa wanasema tu, "Haya, umepata," na mafumbo yote yakaisha kabla chai haijapoa. Yeye alifurahia ushindi, asione kwamba watu wameanza kuaga mapema.

Mwaka ule Hamadi akafiwa na mkewe, Mwanahawa. Wenzake walisafiri kwenda kumpa mkono wa rambirambi, wakarudi makwao. Arobaini ilipopita, Hamadi akajitokeza tena Jumamosi, sauti imemkauka.

"Leo fumbo ninalo mimi," akasema.

Akapiga kipande cha taarabu, fidla inalia peke yake. Leokadia akavuta pumzi, anataka kusema neno. Sefania akamtangulia. Akataja wimbo, kikundi, mwaka, hata mpiga fidla.

"Umepata, ndugu yangu," Hamadi akasema. "Ila mimi sikuuliza ili nijibiwe. Niliuliza ili mkae nami." Akaaga, akakata simu.

Sefania akabaki ameishika yake. Jibu lilikuwa sahihi, halikukosewa hata herufi. Alipojaribu kuikumbuka ile fidla, hakuweza. Muda wote ilipokuwa ikilia, macho yake yalikuwa kwenye kioo cha simu ya pili, yanangoja maandishi.

Jumamosi iliyofuata Hamadi hakuonekana, wala ile ya baada yake. Sefania akaifuta ile programu, lakini kuifuta hakukumrudisha mtu. Mwishowe akaimeza aibu yake, akampigia.

"Hamadi, naomba unipigie tena wimbo ule."

"Si unaujua?"

"Siujui. Ninalijua jina lake tu."

Hamadi akaupiga, safari hii hadi mwisho, na Sefania hakutia neno. Ulipokwisha, Hamadi akaanza kusimulia jinsi Mwanahawa alivyokuwa akiuimba jikoni na kuyageuza maneno makusudi ili amchokoze mumewe, na jinsi mume naye alivyokuwa akijifanya amekasirika. Akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikatulia, akaendelea kusimulia. Sikio la Sefania likapata moto kwa kubanwa na simu. Akaihamishia simu upande wa pili, akazidi kusikiliza.

Nanyi ndugu zangu, mara ya mwisho mtu wenu alipowaletea swali, mlimjibu yeye, au mlijibu swali tu?