Kamba Saba za Kisimani

Paukwa!
Pakawa.
Nyie wa huko nyuma mmemeza ndimi? Paukwa!
Pakawa.
Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo kale, kabla babu zenu hawajatahiriwa, kulikuwa na mji wenye kisima kirefu. Kila nyumba na kamba yake. Asiye na kamba alikichungulia tu. Mwalimu wa mji alikuwa Mzee Shebwana. Alijua kusoma, jamani, hasa Suratul-Maun. Akiisoma, watu wazima walilia. Wakishalia, wakajifuta machozi, wakaenda kula.

Mwaka huo jua lilikuwa kali. Mjane mmoja, Mwanate, kamba yake ilikatika, na mwanawe ana homa, anataka maji. Akatoka kuazima.

Hodi, hodi. "Kamba mpya hii, shoga, itachakaa."

Hodi, hodi. "Mwenyewe hayupo, dada."

Hodi, hodi. Nyumba sita, patupu. Ya saba ni kwa Mzee Shebwana, yuko juu ya msala na tasbihi mkononi.

"Mwalimu, niazime kamba. Mtoto anakauka."

"Nimalize uradi wangu, mwanangu. Subiri kidogo."

Mwanate akasubiri. Tasbihi ti, ti, ti. Akaona haziishi, akarudi mbio kwake. Akamkuta mtoto ameshakufa.

Maji ya kumwosha maiti hayakukosekana. Kamba zilikuja saba. Ndoo chubwi, chubwi, chubwi. Mwanate akaziangalia.

"Asubuhi zilikuwa wapi?" akauliza.

Baada ya maziko wakamwomba mzee asome. Akaanza Suratul-Maun. Alipofika mwisho akawageukia watu.

"Miaka arubaini nawasomesha sura hii," akasema. "Maun ndiyo kamba. Ndiyo ndoo, chumvi, kaa la moto, kitu kidogo cha kumpa jirani. Na anayeambiwa ole wake humu si mlevi. Ni mwenye kuswali. Ni mimi."

Akaenda akaifunga kamba yake kisimani, iwe ya watu wote. Wakamsifu kwa hekima, na mpaka leo anasifiwa. Lakini hekima ilikuja mtoto yuko chini ya mchanga, na hilo mimi linaniuma. Mwanate hakuigusa kamba ile. Alichota maji mji wa pili, mwendo wa nusu siku, mpaka alipokufa.

Basi, wanangu, jirani akipiga hodi, inuka umpe kwanza. Uradi utakungoja.

Hadithi yangu imekomea hapo. Msiniombe niongeze, sina moyo.