Siafu Aliowaona Peke Yake

Wapendwa, hebu mfikirieni fundi cherehani mmoja aliyependa kulala porini. Alikuwa mwanachama wa chama cha wapiga kambi cha mjini, akatamani jambo moja: tawi lifunguliwe mtaani kwao, na watu waseme, huyu ndiye aliyetuanzishia. Akapita nyumba kwa nyumba. Wakamcheka. "Fundi, mtu ana kitanda chake na neti yake, akalale na nyani?" Hakuchoka. Hatimaye watu wakatosha, na makao makuu yakakubali: pigeni kambi ya kwanza, kisha mchague mwenyekiti.

Kati yao alikuwamo mama muuza maandazi, mgeni mtaani. Hata kufunga kamba za hema alifundishwa na fundi. Lakini alikuwa mcheshi, na watu walimpenda. Walipofika msituni alasiri, mvua imetoka kukatika, fundi akageuka awaonyeshe pa kusimamisha mahema. Wote walikuwa wameshamfuata mama kwenye nyasi laini ng'ambo ya njia.

"Fundi, njoo huku bwana!" mama akaita. "Huku ni godoro tupu!"

"Starehekeni na mwenyekiti wenu."

"Mwenyekiti nani, mimi? Labda wa maandazi!"

Wakaangua kicheko. Fundi kikamchoma.

Alipokwenda kuokota kuni, akaona safu ya siafu, pana kama kiganja, ikielekea kwenye zile nyasi. Akafungua mdomo aite. Kisha akaufunga. Moyoni akasema: waache waumwe, ndipo watajua nani anaijua kambi.

Je, wewe ungeita? Usijibu haraka.

Haukupita muda, watu wakawa wanaruka na kuvua mashati. Mama aliingia na kutoka kwenye mahema akibeba watoto wa wenzake, siafu wamemjaa hadi kwenye nywele. Walipotulia akasema, "Nisameheni jamani, mahali nilichagua mimi." Kisha akamgeukia fundi. "Wewe ulikataa kuja huku. Kwani ulijua?"

Wote wakamtazama. Hapo ndipo alipokuwa akipangojea, aulizwe mbele ya watu kama anajua. Na angejibuje? Akisema ndiyo, ni mkatili. Akisema hapana, ni mjinga kama wao.

"Sikujua," akasema.

Wakamwamini. Wakamchagua mama.

Ndugu zangu, mimi simhukumu fundi. Alihangaika kweli, na kusahauliwa kunauma. Lakini sauti moja tu, "Ondokeni hapo, siafu!", ingempa heshima yote aliyoililia. Wivu haukumnyang'anya mama chochote. Ulimfanya fundi aukane ujuzi wake mwenyewe.

Na sisi? Kuna mwenzetu hapa anaimbisha kwaya vibaya, nasi tunajua anapokosea, tumenyamaza kwa sababu alichaguliwa yeye. Kuna jirani ambaye mwanawe anapotea, tumeona, tumenyamaza kwa sababu nyumba yao inang'aa kuliko yetu. Tunangoja nini, waumwe kwanza? Unamjua wa kwako. Usitoke hapa leo kabla hujamwita.