Somo wa Mtoto wa Maua

Hapo zamani, katika kisiwa cha vilima na mikarafuu, aliishi mjane mmoja jina lake Mize. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Hakujaliwa mtoto. Mumewe, Faki, alikuwa mchumaji wa karafuu, na kisa hiki kinaanzia kwenye kifo chake.

Asubuhi moja ya msimu, Faki alipokuwa akijiandaa kwenda shambani, Mize alipata neno moyoni. Halikuwa ndoto, wala haikuwa sauti ya mtu. Lilikuwa neno lililotulia kama maji ndani ya mtungi: Leo asipande. Mize akalitazama neno lile, akaona haya. Akajiuliza, nitamwambia nini? Kwamba nimeota nikiwa macho? Akanyamaza. Faki akaenda. Tawi likakatika, na kabla ya alasiri akarudishwa nyumbani juu ya kitanda.

Matangani Mize alimwambia ukweli wifi yake, Maua, dada mdogo wa Faki.

"Wifi, asubuhi ile moyo uliniambia nimzuie."

Maua akamtazama. "Ulijua?"

"Sikujua. Niliambiwa."

"Uliambiwa, ukakaa kimya," alisema Maua. Akajifunika kanga yake, akaondoka. Tangu siku ile wakikutana njiani, mmoja hutazama mlimani na mwingine hutazama bondeni.

Basi Mize akawa mtu wa kusikia kila kitu. Akienda kisimani, moyo unagonga: rudi, nyumba inaungua. Akirudi, nyumba salama. Akikaa kusuka, moyo unagonga: kimbia, jirani yako anakata roho. Akikimbia, jirani anapepeta mchele na kuimba. Watu wakamwonea huruma kwanza, kisha wakamcheka. Naye akaanza kujichukia, maana neno moja alilolipuuza lilikuwa kweli, na maneno yote aliyoyafuata yalikuwa upepo.

Juu ya kilima cha mwisho palikuwa na nyumba ya Bi Kazija, aliyewafundisha wanawake uradi na sala za sunna. Mize akaenda kwake.

"Bibi," alisema, "ndani yangu kuna kitu kinaniongoza, na kuna kitu kinanihangaisha. Vyote viwili vinasema kwa sauti yangu mimi mwenyewe. Nifundishe kuvitenganisha."

"Kimoja ni ilhamu na kingine ni wasiwasi," alijibu Bi Kazija. "Majina nimekupa. Kuvitenganisha siwezi kukufundisha. Naweza kukupa mahali pa kimya, ukajifunza."

Mahali penyewe palikuwa chumba cha khalwa. Wanawake huingia pamoja, wakafunga, wakasali, wakavuta uradi, na wasitoke mpaka mwezi mpya uandame. Sharti lilikuwa moja. Atakayevuka kizingiti kabla ya mwezi kuandama, khalwa yake imevunjika, na hataingia tena ila mwaka mwingine.

Mize aliingia na wenzake wawili. Mmoja alikuwa Shumbana, mkunga wa vijiji vile, mwanamke mwenye elimu ya dini na ulimi usiokwama. Mwingine alikuwa Time, muuza mihogo, mtu wa maneno machache. Time alikuwa amekwisha kukaa khalwa mara nyingi, na kila mara alitoka akisema vilevile: "Kwangu mimi ni kimya tu. Wenzangu huambiwa. Mimi sijaambiwa kitu." Alisema hivyo bila wivu, lakini alisema kwa huzuni.

Siku zikapita. Mwanzoni kichwa cha Mize kilikuwa soko. Baadaye soko likapungua watu. Akaanza kusikia pumzi yake, na mvua ya masika juu ya makuti.

Ikawa asubuhi moja, mwezi ukiwa umekaribia kuandama, mvua kubwa inanyesha. Mize yuko katikati ya uradi, tasbihi mkononi. Neno likaja: Nenda kwa Maua.

Tasbihi ikasimama. Alikuwa amesikia kwamba Maua ni mjamzito na mumewe yuko safarini ng'ambo, lakini watu walisema siku zake bado. Akaendelea na uradi. Neno lile halikumsukuma. Lilikaa palepale: Nenda kwa Maua.

Hapo mashaka yakaamka. Shaka likasema: umechoka na saumu, unatafuta sababu ya kutoka. Shaka likasema: Maua atakufungia mlango usoni. Shaka likasema: utamkuta anakoka moto, naye atasema, mchawi huyu kamaliza kaka yangu, sasa anafuata tumbo langu. Shaka likasema: mara ngapi umekimbia bure, Mize? Mara ngapi?

Akainuka, akamwendea Bi Kazija, aliyekuwa akikaa nao pembeni mwa chumba. Akamweleza. Akauliza, "Bibi, hii ni ilhamu au ni wasiwasi?"

Bi Kazija akasema, "Nikikujibu leo, utarudi kuniuliza maisha yako yote. Neno limekuja kwako. Kwangu halikuja."

Shumbana alikuwa amesikia. Akasema, "Dada Mize, nisikilize. Ibilisi hamwambii mcha Mungu nenda ukaibe. Humwambia acha sala ukafanye wema. Mwezi uko mlangoni, na wewe leo ndiyo unaitwa nje? Na unaitwa kwa nani? Kwa mtu yuleyule mliyekosana naye. Hilo ni donda lako linasema. Kaa, uvute uradi wako."

Maneno yale yalikuwa na akili, na Mize aliyaona yana akili.

Time akauliza kutoka alipokaa, "Neno lenyewe linasemaje?"

"Nenda kwa Maua. Basi."

"Linakutisha?"

Mize akafikiri. "Halinitishi. Yanayonitisha ni mengine."

Time akasimama, akajitanda kanga, akatembea mpaka mlangoni. Mize akamfuata. Time akavuka kizingiti, mvua ikampiga. Mize akanyoosha mguu, maji ya makuti yakamdondokea vidoleni, na pale pale akamwona Faki amelala juu ya kitanda, akamsikia Maua akisema ulijua, akawasikia watu wote wanaocheka kisimani. Akaurudisha mguu.

"Siwezi," alisema.

Time hakumlaumu. "Basi nitakwenda mimi," alisema, akashuka kilima.

Mize akarudi kuketi. Uradi haukupandika ulimini. Akabaki kutazama ukuta na kusikiliza mashaka yake, maana hakuwa na jingine la kufanya. Na kwa kuwa safari hii hakuyakimbia wala hakuyatii, aliyasikia vizuri. Yalikuwa yamekwisha kubadili maneno. Kwanza yalisema usiende, utaaibika. Sasa yalisema umeaibika kwa kutokwenda. Kwanza yalisema Maua mzima. Sasa yalisema Maua amekufa, na ni wewe. Yalikuwa tayari kusema lolote, mradi yeye atetemeke. Chini ya mashaka hayo lile neno lilikuwa palepale, halikuongezeka, halikupungua: Nenda kwa Maua.

Mize akaweka tasbihi juu ya mkeka.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Shumbana.

"Kwa wifi yangu," alijibu Mize, akavuka kizingiti.

Chini ya kilima, kijito kilikuwa kimefurika. Akakivuka maji yakimfika kiunoni. Upande wa pili akakutana na Time anakuja mbio, tope mpaka magotini.

"Maua ana uchungu," alisema Time akitweta. "Yuko peke yake jikoni, chini. Jirani wote wako bondeni wanaokoa mpunga. Mimi sijui la kufanya. Sijazaa wala sijazalisha. Namfuata Shumbana."

"Mfuate. Mimi nakwenda kwake."

Mize alimkuta Maua ameegemea mafiga ya baridi, midomo imepauka. Maua akamwona. Hakusema ondoka, hakusema karibu. Akanyoosha mkono. Mize akapiga magoti nyuma yake, akamkumbatia, akawa ukuta wake.

"Nimechoka, wifi," alisema Maua. "Niache nilale."

"Hulali. Niegemee. Ukishindwa kwa nguvu zako, tumia zangu."

Wakakaa hivyo, mmoja analia na mwingine anamshika, mpaka Time akarudi na Shumbana.

Shumbana, alipoliona tope la Time pale mlangoni mwa khalwa, hakuuliza swali hata moja. Alivuka kizingiti kama mtu anayeruka moto. Sasa akanawa mikono, akamgusa Maua tumboni, uso ukabadilika. "Ni wawili," alisema.

Mtoto wa kwanza akatoka, msichana, akalia. Wa pili alikuwa amekaa vibaya. Shumbana alifanya kila alichokijua, na alijua mengi. Mtoto yule alipotoka alikuwa msichana pia, mzuri, kimya. Wakamsugua, wakampulizia. Hakulia. Kisha damu ikaanza kumtoka Maua, na Shumbana akamwacha maiti, akapambana na damu ile mpaka ikakoma. Maua akapona.

Jirani walirudi kutoka bondeni wakakuta mtoto mmoja ananyonya na mwingine amefunikwa kanga.

Mwezi uliandama, na khalwa ya wale watatu ilikuwa imevunjika. Hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Ikafika siku ya akika. Mbuzi amechinjwa, wali uko jikoni, wanawake wamejaa uani, na Bi Kazija ameshuka kilimani. Mume wa Maua alikuwa bado safarini, naye alikuwa ameagiza mkewe achague jina. Maua akasema mbele ya watu:

"Mwanangu nataka nimpe jina la mmoja wa wanawake hawa watatu, ili awe somo wake, amlee kama wake, na mtoto amzike kama mama yake. Lakini nimelala na jambo hili, nimeamka nalo, na sikupata jibu. Kila mmoja aseme alichokifanya. Asijipambe, na asijifiche."

Time akasema, "Mimi sikusikia neno lolote. Sikujua kuna nini huku. Nilimwamini mwenzangu alipokuwa hajiamini, nikavunja khalwa yangu kwa neno ambalo halikuja kwangu. Nilipofika sikuweza kitu ila kugeuka na kukimbia."

Watu wakasema, "Angekaa Time, nani angekwenda?"

Shumbana akasema, "Sitajifanya mnyenyekevu. Mtoto huyu alipokewa kwa mikono hii, na Maua anapumua kwa sababu ya mikono hii. Lakini tuliambiwa tusijifiche. Nilisema ni Ibilisi. Nilisema kwa akili yangu yote na kwa dini yangu yote, na nilikosea. Ningenyamaza, pengine tungefika sote mapema. Yule wa pili, pengine angelia. Pengine asingelia. Mimi ni mkunga, na sijui."

Watu wakasema, "Bila Shumbana tungechimba makaburi matatu."

Zamu ya Mize ikafika. Alikuwa akimtazama mtoto, pua ya Faki, paji la Faki.

"Mimi niliambiwa," alisema. "Niliambiwa wazi kama ninavyowasikia ninyi. Nikamwuliza bibi, nikamsikiliza Shumbana, nikafika mlangoni nikarudi. Baadaye nikaenda. Sikwenda kwa sababu ya habari ya mtu, maana Time alikuwa bado hajarudi. Nilikwenda kwa sababu nililitambua neno. Lakini nilichelewa kulitambua, na wifi yangu anajua kuchelewa kwangu kumegharimu nini mara mbili."

Mwanamke mmoja mzee akasema, "Lakini bila neno hilo pasingekuwa na Time wala Shumbana."

Mwingine akamjibu, "Na bila kusita kwake pasingekuwa na kaburi."

"Mwacheni," alisema Bi Kazija. "Kama mnatafuta kuchelewa, na mimi nimo. Aliniuliza, nikamnyima jibu. Niliona namfundisha. Mpaka leo sijui kama nilimfundisha au nilimwacha peke yake."

Maua akamwinua mtoto kutoka mapajani. Akamtazama Time, aliyeamini bila kusikia. Akamtazama Shumbana, aliyekataa neno kisha akaokoa. Akamtazama wifi yake, aliyesikia, akashindwa, akainuka. Mwalimu aliyeitwa kusoma dua alikuwa amekwisha kuinama, anangoja Maua aseme jina, naye alitaje sikioni mwa mtoto.

Maua alilitaja, na mtoto akakua nalo. Lakini wanawake waliokuwa uani siku ile walikwenda nyumbani wakibishana, na mabishano yao hayajakwisha, ndiyo maana nami nimeyaleta kwenu. Msinitazame mimi. Ulizaneni ninyi kwa ninyi: Time, Shumbana na Mize, je, nani alistahili kuwa somo wa mtoto wa Maua?