Nguchiro na Majani Yasiyofunguliwa

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla fisi hajajifunza kucheka, wanyama wa bonde moja walikuwa na bwawa. Walilijenga wenyewe kwa kuziba mto kwa tuta la udongo, na maji yake yakanywesha mashamba ya kila nyumba. Kazi ya bwawa ilikuwa na wakubwa watatu: Tembo, msimamizi, Nyati, mbeba mawe, na Kiboko, mkandika udongo. Mdogo alikuwa mmoja tu, Nguchiro, mlinzi wa tuta.

Desturi yao ilisema mlinzi wa tuta alale chini ya tuta. Aliyeiweka desturi hiyo aliamini kwamba mwenye kulala hapo hatasinzia kazini. Mama yake Nguchiro alilala hapo, na bibi yake kabla ya mama, hata ukuta wa shimo lao ukawa laini kwa migongo ya waliotangulia. Sasa alikuwamo Nguchiro na watoto wachanga, macho hawajafumbua.

Ilikuwapo desturi nyingine. Mambo ya kazi hayakusemwa mdomoni. Yaliandikwa kwa ukucha juu ya jani la isale, lile jani refu la mipakani, jani likapigwa fundo, likaandikwa jina la mhusika kwa nje na kutundikwa kwenye kigingi mlangoni kwake. Mhusika akishasoma, hulirudisha likiwa limefunguliwa, ili aliyeandika ajue limefika.

Asubuhi moja Nguchiro alisikia tii, tii, tii ukutani mwa shimo lake. Akaweka ulimi. Maji.

Akaandika: "Tuta linavuja upande wa magharibi. Njooni na majembe kabla ya mvua." Akatundika jani kwenye kila kigingi, akarudi kungoja. Hakuna jani lililorudi. Akaandika tena. Kimya. Akaandika mara nyingine, safari hii akikandamiza ukucha mpaka jani likakaribia kutoboka. Kimya vilevile, na ukutani ile tii, tii ilikuwa imegeuka kuwa tiririri.

Akafunga safari kwenda kwa Tembo. Alimkuta barazani anamenya muwa, na kigingi chake kimeinama kwa uzito wa majani, mengine mabichi, mengine makavu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Wadogo hawajambo?"

"Hawajambo, ila wamelowa. Nilikuandikia, Mzee."

"Nimeliona jani lako. Fundo zuri sana. Nikitulia nitalifungua."

"Naweza kukueleza hapa hapa. Lile tuta letu..."

Tembo akainua mkonga. "Mambo ya kazi mdomoni hapana, mama. Utaratibu unaujua. Andika."

"Nimeandika."

"Basi haraka ya nini? Kama umeandika, limekwisha."

Nguchiro akaenda kwa Nyati, akamkuta anacheua.

"Umemwandikia na Tembo?" Nyati aliuliza.

"Nimewaandikia wote watatu."

"Ndiyo maana nikaliacha. Jambo likiwa la watatu, wawili watalishughulikia."

Akaenda kwa Kiboko. Kiboko alimpokea kwa bashasha.

"Aa, dada, yale majani yako! Magumu hayo, hayakatiki. Moja nimefungia mzigo wa kuni."

"Ulilisoma?"

"Kamba husomwa, dada?"

Nguchiro akarudi nyumbani. Akachota tope kwa viganja, akaziba tundu; maji yakatokea pembeni. Akaziba pembeni, yakatokea juu. Akawasogeza watoto pakavu, na pakavu pale palikuwa padogo kuliko jana. Kuhama lilikuwa neno ambalo halikuwahi kutamkwa katika ukoo wao. Akakaa akiutazama ukuta, asijue afanye lipi. Angepiga kelele, angeambiwa aandike. Angeandika, angekuwa ameandika.

Kesho yake upepo ulivuma. Nguchiro alikuwa akipita karibu na boma la Nyati alipoona jani limepeperuka kutoka kwenye kigingi cha jirani yake Kiboko na kuangukia uani kwa Nyati. Lilikuwa jani lililotoka kwa shemeji yake Kiboko. Nyati, yule aliyeliacha jani la tuta, alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha fundo likafunguka mara moja kwa midomo yake.

"Mama watoto," aliita kwa sauti ya chini, "njoo usikie. Kiboko amealikwa ngomani. Sisi hatumo."

Akalisoma tena kwa ajili ya mkewe, na mara nyingine kwa ajili yake mwenyewe.

Nguchiro alisimama nyasini. Kumbe hawa wanajua kusoma.

Jioni hiyo akachuma majani mapya. La kwanza aliandika: "Ndugu Nyati, njoo tutani alfajiri na jembe. Tembo asijue." Hilo akalitundika mlangoni kwa Tembo. La pili akamwandikia Kiboko, Nyati asijue, akalitundika kwa Nyati. La tatu lilikuwa la Mzee Tembo, Kiboko asijue, nalo likaning'inia kwa Kiboko. Kisha akajificha kichakani mbele ya nyumba ya Tembo.

Tembo alitoka, akaona jina la Nyati juu ya jani. Hakusema atatulia. Hakukaa hata chini.

"Nisijue nini?" alinung'unika, na mkonga wake ulikuwa umekwisha kulifungua.

Alfajiri ikasikika du, du, du juu ya tuta. Tembo alifika na jembe begani. Hakujakucha vizuri, Nyati naye huyo.

"Shikamoo, Mzee. Unaenda wapi na jembe?"

"Napunga upepo. Na wewe?"

"Nami napunga."

Kiboko akatokea kwenye umande, jembe mgongoni. "Mimi nimepotea njia," alisema kabla hajaulizwa.

Wakasimama wakitazamana. Hapo tuta likatema maji, chwaa, yakampiga Tembo sikioni.

"Tuta hili linavuja," alisema Tembo, kama mtu aliyegundua mto. "Nani analinda hapa?"

"Mimi, Mzee," alisema Nguchiro.

Hakuna aliyethubutu kuondoka wa kwanza, asije akawaachia wenzake siri. Na kwa kuwa kusimama bure na jembe ni aibu, walianza kazi. Puu, puu, mawe yakashuka. Pacha, pacha, udongo ukakandikwa. Jua lilipofika utosini, upande wa magharibi ulikuwa umezibwa. Nguchiro akaingia shimoni, akaweka sikio ukutani. Kimya, na safari hii kilikuwa kimya kizuri. Watoto walikuwa wamelala.

Akatoka haraka. "Mzee, upande wa mashariki nao umeanza kutoa jasho. Kwa kuwa mpo na majembe..."

Tembo alikuwa anajipangusa tope. "Ya mashariki, mama, tuandikie."



"Lakini Mzee," alidakia Kiboko, "ile siri yako ya tutani ilikuwa ipi?"

"Siri yangu? Si ilikuwa ya Nyati?"

"Yangu?" alisema Nyati. "Ya Kiboko hiyo."

Wote wakageuka kumtazama mdogo wao.

"Ni mimi," alisema Nguchiro. "Majani niliyatundika kwenye milango isiyo yake, kwa kuwa yenu wenyewe hamyafungui."

Alitumaini wataona haya. Tembo hakuona haya, aliona kosa.

"Kuanzia leo," alisema, "jani litakalokutwa kwa asiye mhusika lichomwe bila kusomwa."

"Na la mhusika, Mzee?"

"La mhusika atalisoma mhusika. Akitulia."

Wakaondoka, du, du, du, majembe begani.

Nguchiro akarudi shimoni. Ukuta wa mashariki ulikuwa unasema tii, tii. Hila yake moja ilikuwa imekwisha, na hata angepata nyingine, na baada yake nyingine, ingekuwa kila tundu la tuta lidai hila yake. Mlinzi gani angeweza kuishi hivyo?

Akachukua majani matatu, akaandika maneno machache. Akayatundika kila moja mlangoni kwa mwenyewe, jinsi desturi ilivyotaka. Kisha akawabeba watoto mdomoni kwa ngozi ya shingo, mmoja baada ya mwingine, akawapandisha mlimani. Alirudi peke yake mara ya mwisho. Akausugua mgongo wake kwenye ule ukuta laini wa mama na bibi, akatoka.

Mvua ikanyesha. Bonde zima likasikia sauti moja, bwaaa, halafu sauti ya maji ikipita juu ya kila kitu. Baraza la Tembo likaenda, boma la Nyati likaenda, na kuni za Kiboko zikaenda zikiwa bado zimefungwa vizuri.

Kulipopambazuka wakubwa wale watatu walikuwa juu ya kichuguu kikubwa, tope limewafika tumboni.

"Mbona hakuna aliyetuambia?" alisema Tembo.

Jani la isale likaja likielea, fundo lake zima. Nyati akalivuta kwa pembe. Juu yake palikuwa na jina la Tembo. Akalifungua upesi.

"Soma kwa sauti," alisema Kiboko akinyoosha shingo.

Nyati akasoma: "Mzee Tembo, nimehama. Tuta halina mlinzi. Hameni na ninyi."

Kule mlimani Nguchiro aliyaona maji mekundu yakipita mahali palipokuwa na mlango wake. Hakucheka. Akawageukia watoto wake, akaanza kuwalamba manyoya.

Wanangu, asiyefungua ujumbe wake, mlango wake hufunguliwa na maji.